Ulimwengu Pepe na Maisha ya Mtu

Msomaji, mkulima wa mpunga avunapo shamba lake hupata punje za namna mbili. Kwa mbali zote hufanana. Zote zina ganda la rangi moja, na zote zimeota juu ya shuke moja. Lakini baadhi yake zina mchele ndani, na nyingine ni tupu. Hizo tupu huitwa pepe. Mkulima mwenye busara hategemei jicho lake kuzitenga. Huchukua ungo akapepeta, na kile kisicho na uzito kikaenda na upepo.

Katika siku zetu neno hilo pepe limepewa kazi mpya. Twasema barua pepe, na wataalamu wa lugha hutumia maneno uhalisia pepe kwa mahali panapoumbwa na kompyuta, ambapo mtu huingia kwa macho, kwa masikio na kwa fikira, ingawa mwili wake umeketi kitini. Mamilioni ya watu sasa hucheza, hufanya kazi, hufanya urafiki, hugombana na hata huomboleza katika mahali pa namna hiyo. Swali langu katika insha hii ni moja: je, maisha hayo yana mchele ndani, au ni ganda tupu? Usidhani kuwa swali hili ni la wataalamu peke yao. Ni lako pia, kwa sababu umri utakaoutumia huko ni umri wako, na hakuna awezaye kukurudishia.

Hamu ya kuwa mahali ambapo mwili haupo ni ya kale sana. Bibi aliyeketi karibu na moto akasema "Paukwa!", na wajukuu wakaitika "Pakawa!", alikuwa amefungua mlango wa nchi nyingine. Hakuna mtoto aliyeinuka mahali pake, walakini wote walisafiri. Waliliogopa zimwi, walimhurumia yatima, na walipokwenda kulala walikuwa wamejifunza jambo ambalo siku nzima ya kazi haikuwafunza. Upande wa pili, Plato, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alitunga mfano wa watu waliofungwa minyororo pangoni tangu utoto wao. Mbele yao hawakuona ila vivuli ukutani, na kwa kuwa hawakujua kingine, walivihesabu vivuli hivyo kuwa ndivyo vitu vyenyewe. Mmoja wao alipofunguliwa akaliona jua, macho yalimuuma, na aliporudi kuwaeleza wenzake hawakumsadiki.

Tazama basi, msomaji, jinsi shauri hili lilivyo na pande mbili tangu mwanzo. Hadithi ya bibi yatuonyesha kuwa jambo la kufikirika laweza kulisha akili. Pango la Plato latuonya kuwa jambo la kufikirika laweza kuwa gereza. Historia nitakayokusimulia imo baina ya moto ule na pango lile.

Mwaka wa 1838 mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Charles Wheatstone alieleza jambo ambalo kila mtu alikuwa nalo usoni pake lakini wachache walilitafakari. Inua kidole mbele ya pua yako, fumba jicho moja, kisha ulifumbue na kufumba la pili. Utaona kidole kimehama. Kila jicho huona picha yake, na akili huziunganisha picha mbili kuwa kitu kimoja chenye unene na umbali. Wheatstone aliunda chombo chenye vioo viwili, akaliwekea kila jicho mchoro wake, na mtazamaji akaona kitu kilichosimama hewani mahali ambapo hapakuwa na kitu. Miwani mizito inayovaliwa leo na wale waingiao katika uhalisia pepe yafuata kanuni ile ile.

Yapata miaka tisini baadaye, Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda katika mji wa Binghamton, alitaka kujifunza urubani, akaona kuwa mafunzo yana gharama kubwa. Alichukua mivukuto ya vinanda, ile mifuko ya kusukumia hewa, akaitumia kukitikisa kisanduku chenye umbo la ndege ndogo. Mwaka wa 1929 chombo chake kilikuwa tayari. Mwanafunzi aliketi ndani akashika usukani, na kisanduku kikainama na kugeuka kama ndege angani. Mwanzoni watu wengi walikiona kuwa ni kitu cha maonyesho na michezo. Lakini mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na marubani kadhaa walikufa katika muda wa majuma machache, maana hawakuzoea kuruka gizani na katika mawingu. Ndipo jeshi liliponunua vyombo vya Link. Ndani ya kisanduku rubani aliweza kukosea mara mia na kutoka mzima. Ndege ilikuwa ya bandia, lakini ustadi alioutoa humo ulikuwa wa kweli, na uhai uliookolewa ulikuwa wa kweli. Mpaka leo marubani wa ndege za abiria hujizoeza katika vyombo vya namna hiyo.

Kompyuta zilipokuja, ndoto ilipanuka. Mwaka wa 1965 mtaalamu Ivan Sutherland aliandika juu ya chumba ambamo kompyuta ingetawala vitu vyote, hata kiti kitakachoonekana humo kiweze kukaliwa, na risasi iweze kuua. Mwaka wa 1968 alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani, kilichoshikiliwa na nondo kutoka darini. Aliyekivaa aliona mistari michache yenye umbo la sanduku ikining'inia hewani, naye aligeuza kichwa akaiona kwa upande mwingine. Hapakuwa na uzuri mwingi. Lakini kwa mara ya kwanza picha ilimfuata mtu, badala ya mtu kuifuata picha.

Hata hivyo, badiliko kubwa halikuletwa na macho. Lililetwa na kuwapo kwa watu wengine. Mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji aliandika kuwa anakwenda kaskazini, na kompyuta ikamjibu kwa maneno kwamba sasa amefika mahali fulani, na kwamba pana mlango, au msitu, au hatari. Lakini katika mahali hapo palipojengwa kwa maneno matupu waliweza kukutana watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake. Jambo la ajabu likatokea: mara walipokutana watu, maneno yale yakawa nchi, na nchi ikawa na desturi, urafiki na ugomvi.

Habari za Habitat zatufunza zaidi. Huu ulikuwa mji wa kompyuta uliojaribiwa na kampuni ya Lucasfilm nchini Marekani kati ya mwaka wa 1986 na 1988. Watu waliuingia kwa njia ya simu, kila mmoja akiwa na kikaragosi chake kwenye kioo. Waundaji walidhani kuwa watawapangia watu michezo, nao watu watafuata. Sivyo ilivyokuwa. Baadhi ya wachezaji walianza kuwaua vikaragosi wenzao na kuwanyang'anya mali. Wengine walilalamika. Ndipo kasisi mmoja wa Kanisa la Othodoksi la Kigiriki, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji, alipoanzisha humo shirika la kidini, na wafuasi wake wakaahidi kutobeba silaha, kutoiba na kutofanya ukatili wowote. Watu walipoulizwa kama kuua katika mji huo ni uovu au ni sehemu ya mchezo, walipiga kura, na kura zikagawanyika nusu kwa nusu. Fikiri, msomaji! Hapakuwa na damu, wala kaburi, wala mjane. Na bado watu wazima walijadiliana juu ya haki na dhulma kama wazee barazani. Mtu hawezi kuingia mahali penye watu akaiacha dhamiri yake mlangoni.

Jambo hilo lilionekana tena kwa namna ya kutisha tarehe 13 Septemba 2005. Wakati huo mchezo uitwao World of Warcraft, uliofunguliwa mwaka wa 2004, ulikuwa na wachezaji mamilioni. Waundaji waliweka ndani yake adui mmoja mwenye laana ya kuambukiza, wakitumaini kuwa laana itabaki katika uwanja wa vita vyake. Lakini wanyama waliofugwa na wachezaji waliibeba mpaka mijini. Wanyonge walianguka mara moja, na barabara zikajaa mifupa. Wenye uwezo wa kuponya walikwenda kuwatibu wageni wasiowajua. Wengine walikimbilia mashamba ya mbali. Wengine, kwa ubaya wa moyo au kwa mzaha, waliupeleka ugonjwa makusudi mahali palipokuwa salama. Mwishowe kampuni ililazimika kuurudisha ulimwengu wake nyuma na kuanza tena. Mwaka wa 2007 wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza waliandika juu ya tukio hilo katika majarida yao, maana waliona kuwa ugonjwa ulikuwa wa uongo lakini tabia za watu zilikuwa za kweli. Sisi tulioishi mwaka wa 2020, tukaona kwa macho yetu wauguzi waliojitoa, watu waliokimbia na watu waliodharau tahadhari, hatuna haja ya kuambiwa kama walisema sawa.

Sasa nakuomba, msomaji, unifuate mpaka Norway, kwa kuwa huko ndiko ungo wetu utakapopata kazi ngumu kuliko zote. Mats Steen alizaliwa akiwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli mwaka baada ya mwaka. Angali mtoto aliacha kutembea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alipokua mikono nayo ilipungua nguvu, mpaka akabakiwa na uwezo wa kusogeza vidole vyake kidogo tu. Saa nyingi za siku alikuwa chumbani mwake, mbele ya kompyuta, akicheza World of Warcraft. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, nao walihuzunika. Walimwona kijana ambaye hakuwa na marafiki, hakuwapata wala hatawapata, na maisha yake yakiisha katika mchezo. Alifariki mwezi wa Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25.

Mats alikuwa ameandika habari zake katika ukurasa wake wa intaneti, na wazazi walikuwa na njia ya kuuingia. Waliandika pale kwamba mtoto wao amekufa. Hawakutazamia mengi. Lakini barua zikaanza kuja, moja, kisha ya pili, kisha nyingi, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Waandishi walimwita kwa jina ambalo wazazi hawakulizoea, Ibelin, ambalo ndilo jina la mtu aliyemwigiza katika mchezo. Mmoja alisimulia jinsi alivyosikilizwa katika huzuni yake. Mwingine jinsi alivyoshauriwa wakati wa shida nyumbani. Kikundi alichocheza nacho kilimwombolea kama ndugu, na baadhi yao walisafiri kutoka nchi zao wakaja Oslo kumzika, ingawa hawakupata kumwona uso kwa uso hata siku moja. Mwaka wa 2024 filamu juu ya maisha yake ilionyeshwa, na watu wengi wakaijua habari hii.

Wazee wetu walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo haikuuliza rafiki huyo amekaa wapi, wala ana umbo gani. Kwa kipimo cha methali, Mats alikuwa rafiki, na marafiki alikuwa nao. Wazazi wake hawakudanganyika walipoona kiti, giza na kioo, maana hivyo vilikuwapo. Marafiki zake nao hawakudanganyika walipomwona mtu mwepesi wa miguu na mwenye maneno ya faraja, maana miguu ilikuwa ya picha, lakini faraja ilikuwa yake mwenyewe. Kila upande uliona nusu. Machungu ya habari hii ni kwamba nusu hizo mbili zilikutana kaburini.

Wanafalsafa wa zama hizi hawajapatana juu ya jambo hili. Mwaka wa 1974 Robert Nozick wa Marekani aliwawekea wasomaji wake mtihani: ikiwa pangekuwa na mashine iwezayo kukupa raha yoyote uitakayo, hata udhani kuwa unatunga kitabu kikubwa au unapata rafiki, ilhali umelala tu na nyaya kichwani, je, ungekubali kufungwa humo maisha yako yote? Yeye alijibu kwamba haifai, kwa kuwa mtu hataki kuonja tu ladha ya kutenda. Ataka kutenda kweli, na ataka kuwa mtu wa namna fulani. Mwaka wa 2022 David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, alitoa kitabu akishikilia kwamba vitu vya ulimwengu pepe ni vitu halisi, ingawa havikufanyizwa kwa udongo na mti, na kwamba mtu aweza kuishi humo maisha yenye maana.

Nionavyo mimi, wawili hawa hawako mbali kama wanavyoonekana. Katika mashine ya Nozick mtu yu peke yake. Rafiki anayemwona humo si rafiki wa mtu. Ni kivuli cha Plato kilichotiwa rangi. Katika chumba cha Mats, nyuma ya kila picha palikuwa na mtu mwingine aliyeweza kuumia na kufarijika. Kwa hiyo yatupasa kutenga vitu na matendo. Nyumba ya ulimwengu pepe haikukingi mvua, chakula chake hakikushibishi, na taji lake halina uzito. Lakini ahadi inayotolewa huko ni ahadi, tusi la huko ni tusi, wema wa huko ni wema, na saa inayopita huko imepita. Vitu vyaweza kuwa pepe. Matendo yana mchele daima, mtamu au mchungu.

Hapa nahofu kwamba kijana mvivu atainuka na kusema, "Basi nami niachwe nicheze usiku kucha kama Mats." Polepole, ndugu yangu. Dawa ya mgonjwa si chakula cha mzima. Mats aliuingia mlango ule kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Wewe una miguu, una uwanja, una mama jikoni anayetaka kusikia sauti yako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka wa 2011 Korea ya Kusini ilitunga sheria ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Sheria hiyo ilikoma mwaka wa 2022, na uamuzi ukaachiwa nyumba. Mwaka wa 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali orodha mpya ya magonjwa, na ndani yake umo ugonjwa wa mtu kushindwa kujizuia kucheza michezo ya kompyuta hata maisha yake mengine yakaharibika.

Tena, tukumbuke kuwa ulimwengu huo una mwenyewe. Uwanja wa kijiji ni wa kijiji, lakini nchi ya kompyuta ni mali ya kampuni, na kampuni yaweza kuifunga. Tarehe 30 Novemba 2012 mchezo uitwao City of Heroes ulizimwa, na watu waliokuwa wamekutana humo kwa miaka minane waliupoteza mji wao kwa siku moja. Tena, mlango wake hauko wazi kwa wote. Shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020, wanafunzi waliokuwa na kompyuta, umeme na intaneti nyumbani waliendelea kuwaona walimu wao kwenye kioo. Wengi wengine walibaki nje, wala si kwa kosa lao. Kwa wale wa kwanza darasa la kioo lilikuwa darasa. Kwa wale wa pili halikuwa hata pepe, maana pepe walau ina ganda la kushika.

Basi, msomaji, nimefika mwisho, na ungo naukabidhi mkononi mwako. Utakapotoka katika mahali pa namna hiyo, jiulize maneno matatu. Nimetoka na nini: ustadi kama rubani wa Link, au uchovu wa macho? Nilikuwa na nani humo: na mtu, au na kivuli? Na nilipokuwa ndani, ni nini kilichokauka nje kwa kukosa maji yangu? Jibu la maswali hayo hutaliona kwenye kioo. Utaliona katika kazi yako ya asubuhi, katika nyuso za wale mnaokula nao sahani moja, na katika neno utakalokumbukwa kwalo na mtu wa mbali ambaye hakupata kukuona. Pepeta kwa uaminifu, ukauache upepo uchukue kilicho chake.